Kisu cha Komando na Gunia la Mchele

Nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, ina visu vingi, na kila kimoja kina mwenyewe. Kisu cha samaki ni cha mama mkwe wangu. Kimenolewa miaka mingi hata kimebaki chembamba, na hakiguswi na mtu mwingine. Panga la uani ni la wote, la kuvunjia nazi na kukatia majani ya mgomba. Kisu changu cha vitunguu nilikuja nacho nilipoolewa. Halafu kuna kisu cha kuchinjia, alichokiacha marehemu baba mkwe, ambacho hukaa juu ya kabati kimeviringishwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, kikisubiri Idd.

Mwaka mmoja masika yaliingia darini. Idd el-Hajj ilipokaribia tukakishusha kisu cha mzee, tukakuta kitambaa kimelowa na makali yameliwa na kutu, yana mapengo kama ya fizi za mtoto. Mama mkwe alikigeuza upande huu na huu, akakifunga tena.

"Hiki hakichinji tena," akasema. "Kisije kikamtesa mnyama wa watu."

Kwetu hilo halina mjadala. Dini inamtaka anayechinja akinoe kisu chake sawasawa, kikate koo, umio na mishipa ya damu kwa haraka, na tena asikinoe mbele ya macho ya mnyama. Kisu chenye mapengo hukwaruza na kuvuta badala ya kukata. Mbuzi alikuwa ameshanunuliwa, amefungwa chini ya mpera, watoto wameshampa jina, na nyumba haina kisu cha kumchinjia.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni dereva wa lori la mizigo, leo yuko Tanga, kesho Dar es Salaam. Akasema tusihangaike, kisu atakuja nacho yeye. Na kweli akaja nacho. Alikitoa kwenye mfuko mbele ya mama, taratibu, kama mtu anayefungua posa, na watoto wote wakaacha walichokuwa wakifanya.

Kisu kilikuwa cheusi tangu ncha mpaka mwisho wa mpini. Bapa lake peke yake lilizidi shubiri yangu. Mgongoni kilikuwa na meno ya msumeno, makubwa, yaliyochongoka. Mpini ulikuwa wa duara, mtupu ndani kama bomba, na mwishoni una kifuniko cha kuzungusha chenye dira ndogo ndani ya kioo. Ukifungua kifuniko unakuta vijiti vya kiberiti, ndoana mbili, uzi wa mshipi na sindano. Ala yake ilikuwa ya turubai gumu, na pembeni ya ala kuna kifuko chenye kijiwe cha kunolea kisichozidi kidole gumba.

"Shilingi 25,000, mama," shemeji akasema. "Hiki ndicho kisu cha komando. Kinachinja, kinakata mti, kinavua samaki. Na nikipata pancha porini usiku ninacho mkononi."

Mama akakipokea, akakipima uzito, akakirudisha. "Kizuri chajiuza, mwanangu. Hiki naona kimevaa sana."

Kisu cha namna ile kina asili yake, na watu wa rika langu tunaijua bila kufundishwa. Mwaka 1982 ilitoka filamu ya *First Blood*, na ndani yake Sylvester Stallone, akiwa Rambo, anaishi msituni kwa kisu kimoja chenye mpini mtupu. Anatoa sindano na uzi humo na kujishona jeraha la mkono. Kisu kile kilitengenezwa na mhunzi wa Arkansas, Jimmy Lile, fundi aliyekuwa na jina lake kabla ya filamu. Kanda zilipofika kwetu, vibanda vya video vikajaa, na jina la Rambo likaenda mpaka kwenye mifuko ya plastiki tuliyobebea sukari sokoni, mpaka mifuko yenyewe ilipopigwa marufuku Juni 2019. Kazi ya Lile ilikuwa ya mkono na ya gharama. Viwanda vya visu vya bei ndogo vilichukua sura yake tu: weusi, meno, dira, mpini mtupu. Namna alivyokiunga chuma na mpini hawakuichukua, kwa sababu hiyo haionekani kisu kikiwa dukani.

Kisu kikaachwa nyumbani kwa siku kadhaa, shemeji akaenda safari. Mume wangu akasema kitumike, kijulikane kabla ya Idd. Mimi nikasema hivyo hivyo, maana mimi ndiye ninayeshika kisu tangu alfajiri hadi usiku, na kisu hakinifichi kitu kikishafika kwenye kibao.

Nilianza na nyanya. Makali mazuri huingia kwenye ngozi ya nyanya kwa uzito wa kisu chenyewe. Kisu cha komando kiliteleza juu ya ngozi, nilipokisukuma kikaipasua nyanya ikarusha maji. Nikakipeleka dirishani nikayatazama makali kwa mbele, jicho likiwa sambamba na bapa. Kisu kilichonolewa ukikitazama hivyo huoni kitu pale makali yanapokutana. Kikiwa butu unaona mstari mweupe unaong'aa, kwa sababu pale pana ubapa unaorudisha mwanga. Mstari ule ulikuwepo tangu shinani hadi nchani. Kiwanda kilikuwa kimekichonga umbo la kisu bila kukinoa.

Unene wake nao ulikuwa tatizo. Karibu milimita tano mgongoni, na unene huo unashuka ghafla karibu na makali. Karoti haikukatwa, ilipasuliwa. Upande mmoja ukaruka chini ya meza. Kisu chembamba cha mama kinapita kwenye kitunguu bila kukitenganisha mpaka ukiinue. Hiki kiliingia kama kabari. Shinani pana kikingio cha vidole kilichotokeza juu na chini, kwa hiyo hata nikikilaza kwenye kibao, kikingio kinagota kwanza na inchi nzima ya makali inabaki hewani bila kazi.

Lililonikera zaidi ni yale meno ya mgongoni. Kumpasua nguru kichwa, unaweka kisu katikati ya fuvu, mkono wa pili unauweka juu ya mgongo wa kisu, unasindika kwa uzito wa mwili. Kila anayepika samaki Tanga anafanya hivyo. Nilipouweka mkono pale, meno yakanichoma kiganja, nikauondoa upesi. Nikakunja kitambaa mara nne nikajaribu tena, kitambaa kikanasa kwenye meno. Kichwa cha nguru kilipasuliwa na panga.

Meno hayo si ya kubuniwa bure, na ni haki niseme yalikotoka. Marubani wa jeshi la anga la Marekani walipewa kisu kifupi chenye meno mgongoni ili ndege ikianguka waweze kukata bati la alumini la ubavu wake na kutoka. Bati la ndege ni jembamba na meno yale yalichongwa kwa kazi hiyo. Kwenye kisu cha shemeji yalikuwa meno yasiyopishana kushoto na kulia kama ya msumeno wa seremala, na msumeno usiopishanishwa meno hukwama ndani ya mti baada ya kuvuta kidogo. Mume wangu alijaribu kwenye tawi la mpera. Yalikwama, akamalizia kwa panga.

Nikisema kwa haki, wanajeshi wa Marekani wanaoitwa *Marines* mwaka 1942 walichagua kisu kinachojulikana leo kama KA-BAR. Bapa lake lina urefu wa inchi 7, chuma cha kaboni, mpini wa pete za ngozi zilizopangwa na kushindiliwa juu ya ulimi wa chuma unaopita katikati mpaka mwisho. Hakina msumeno wala dira. Kilikwenda vita vya Pasifiki na bado kinatengenezwa. Kwa hiyo hata mtu anayetaka kisu cha kijeshi hasa, na si cha filamu, atakuta kile cha kweli kina sura ya unyenyekevu.

Dira nayo ilizua lake. Mama mkwe wangu alipoambiwa kuna dira alifurahi, akasema angalau itatuonesha kibla barabara, maana mbuzi naye huelekezwa kibla. Sisi wa Tanga tuna bahati: Makka iko karibu sawa na kaskazini yetu, ikielemea mashariki kidogo tu, kwa hiyo dira yoyote nzima ingetosha. Msikiti wa mtaa wetu unaijua kaskazini hiyo tangu enzi. Dira ya kisu ikaelekeza kwingine kabisa. Mume wangu akauzungusha mpini, sindano ikazunguka na mpini. Akafungua kifuniko, akaenda nacho hatua kadhaa mbali na bapa, sindano ikatulia, ikarudi kaskazini, sambamba na msikiti. Dira ilikuwa nzima. Iliharibiwa na kufungwa juu ya pande la chuma lenye sumaku. Aliyeiweka pale hakuwahi kuitumia.

Shemeji alirudi siku mbili kabla ya Idd. Nyumba ilikuwa imejaa. Wifi yangu alikuja kutoka Muheza na wanawe, mchele wa Kyela umenunuliwa gunia zima la pilau ya majirani na ndugu, umeegemezwa ukutani uani, karibu na mlango wa jiko. Tukamweleza shemeji kwa upole tuliyoyaona. Hakukubali, na simlaumu, kwani mtu aliyetoa pesa yake kwa ajili ya mama yake hapendi kuambiwa kirahisi.

"Shemeji, hiki si kisu cha nyanya," akaniambia. "Ni cha kazi nzito. Leteni madafu."

Dafu likakatwa, akaliweka juu ya gogo. Mkono wa kushoto akauficha nyuma, hilo alilifanya vizuri, akapiga. Kisu kikaingia kwenye kumbi na kunasa. Akakitikisa kulia na kushoto kukitoa, na mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kibao cha mbuzi nikikuna nazi nikasikia mlio mdogo, *tiki*, kama wa kibonyezo. Nikamwambia, "Shemeji, kimelia." Akasema ni dafu. Mtoto wa wifi alikuwa amechuchumaa mbele yake akisubiri maji ya dafu. Bibi yake akamwita akamletee kata, akainuka, akaenda.

Pigo lililofuata, mpini ulibaki mkononi mwa shemeji na bapa likaondoka. Lilipita pale alipokuwa mtoto, likazunguka hewani, likachoma gunia la mchele upande wa chini likabaki limesimama humo. Kwa muda wa kuvuta pumzi hakuna aliyesema neno. Kisha mchele ukaanza kumiminika kwa mlio wa mvua ya mbali, kuku wote wa uani wakaja, wa jirani wakapita uani kwetu, na mbuzi akakata kamba yake akaja naye. Wifi akamkumbatia mwanawe. Mama akavua kanga ya mabegani akaziba tundu kwa mikono yake miwili akipiga kelele kuku wafukuzwe. Watoto wakakimbiza kuku kwa fagio, mbuzi akapita katikati ya miguu yao na mdomo umejaa, mume wangu akamshika pembe. Shemeji alisimama pale pale na mpini mkononi, uso umemshuka. Tuliukusanya mchele kwa ungo mpaka taa zikawashwa, tukaupeta, tukautenga ule uliochanganyika na mchanga.

Hakuna aliyemgombeza. Mama alimwambia tu, "Mshukuru Mungu mtoto aliitwa."

Usiku ule tuliutazama mpini kwenye mwanga wa taa. Bapa liliishia kwenye kijiti cha chuma kisichozidi pingili moja ya kidole changu. Kijiti kilipenya kwenye tundu la kikingio, kikafungwa kwa nati ndani ya bomba, na nafasi iliyobaki ikajazwa gundi ya kijivu. Hicho tu ndicho kilichokuwa kikishikilia shubiri nzima ya chuma kizito. Kijiti kilikatika pale pale kilipochongwa pembe kali kutoka bapa pana kwenda wembamba. Nusu ya mpasuko ilikuwa na rangi ya kutu, nusu inang'aa. Maana yake ufa ulikuwepo kabla ya dafu, labda tangu kiwandani, labda tangu kichwa cha nguru. Mlio niliousikia ulikuwa ni ufa huo ukisogea.

Asubuhi mume wangu na shemeji wakalipeleka bapa kwa fundi wa chuma anayefua visu na majembe kwa springi za magari. Nikaenda nao, kwa sababu nilitaka kujua, na kwa sababu siku ile jiko lilikuwa na wifi wengi wa kulishika. Fundi hakuuliza jina la kisu. Alilibana bapa kwenye jiliwa, akachukua tupa akaipitisha mara moja ukingoni. Tupa ikala chuma, vumbi likadondoka.

"Hiki hakikutiwa maji," akasema. Akachukua kisu chake mwenyewe, akapitisha tupa ile ile, ikateleza kama juu ya kioo. "Umesikia?"

Alikuwa akisema jambo kubwa kwa maneno machache. Chuma cha kisu kinahitaji kaboni ya kutosha, kisha kipashwe moto hadi kiwe chekundu, kizamishwe kwenye maji au mafuta kikakamae, kisha kipashwe tena moto mdogo kisiwe cha kuvunjika kama kigae. Kaboni ikiwa haba, au kazi ya moto ikirukwa, unapata bati nene lenye umbo la kisu. Springi ya gari inampa fundi chuma chenye kaboni kama sehemu 0.6 kwa mia, ndiyo maana visu na sime nyingi za nchi hii zimetoka chini ya magari, na ndiyo maana zinashika makali. Kasoro yake ni kutu, kama tulivyoona kwa kisu cha mzee. Chuma kisichoshika kutu kina kromu, kuanzia kama sehemu 10.5 kwa mia na kuendelea, ambayo hutengeneza utando mwembamba usioonekana juu ya chuma. Kwenye bapa la shemeji kulikuwa na neno moja tu, la kudai hakishiki kutu. Hakikutajwa chuma gani. Wauzaji wengi hukutolea sumaku kuthibitisha kwamba ni chuma halisi; usiridhike na hilo, sumaku inanasa kisu kizuri na kibaya sawasawa.

Shemeji akaniuliza pale pale kwa fundi, "Sasa wewe shemeji ungenunua kipi?" Nikamwambia chenye chuma kinachoonekana mpaka mwisho wa mpini.

Aliondoka na lori mchana, akaagana na mama kwamba kabla ya Idd atakuwa amerudi. Kwa mwenye duka alikokinunua alirudisha vipande vyote viwili, akaongeza shilingi 15,000, akapewa kisu kingine kutoka kabati lile lile la visu vya kijeshi. Usiku wa kuamkia Idd akakiweka mezani, safari hii bila maneno.

Kilikuwa kifupi kuliko cha kwanza, bapa kama sentimita 11, rangi ya kijivu. Mgongo wake laini. Mpini ulikuwa vipande viwili vya plastiki ngumu ya kijani, na katikati yake unaona chuma kimepita kama nyama ndani ya mkate, kimefungwa kwa skurubu tatu. Nilizifungua zote kwa bisibisi mbele ya watu wote. Chuma kilikuwa kizima, kipana, kimetobolewa matundu machache kupunguza uzito, hakina pembe kali popote. Shinani kilichapwa maandishi: 8Cr13MoV. Ni chuma cha Kichina na maandishi yake yanasomeka: 8 ni kaboni ya sehemu kama 0.8 kwa mia, 13 ni kromu. Ukikuta 3Cr13, kaboni ni 0.3, kitanoleka upesi na kupoteza makali upesi. Ukikuta 440 bila herufi mbele, uliza, kwa sababu 440A na 440C zimeachana mbali kwa kaboni. Mume wangu akakipitishia tupa pembeni kwenye mgongo. Ikateleza.

Hiki nacho kilikuja butu nusu. Kijiwe cha kwenye ala hatukukigusa. Tulitoa kinoo cha mama, tukakilowesha maji, mume wangu akakilaza kisu kwa mwinamo wa kama nyuzi 20 na kukisukuma kama anayekata kipande chembamba cha kinoo, upande huu mpaka unahisi kwa kidole uzi wa chuma umejikunja upande wa pili, halafu upande wa pili. Akamalizia kwenye mkanda wake wa ngozi. Nyanya ikakatika kwa uzito wa kisu. Shemeji akaligonga dafu uani, watoto wote wakiwa wamefungiwa ndani na mama, akalifungua, akakitikisa makusudi kilipokwama. Mpini haukulia. Nilikilaza kwenye bakuli la maji ya chumvi mpaka alfajiri, nikakikuta na vitone viwili vidogo vya kutu karibu na maandishi, vikafutika kwa majivu.

Baada ya swala ya Idd, Maalim wa msikiti wetu alikuja na kisu chake. Shemeji akamsalimu, "Shikamoo Maalim," akampa na chetu akitazame. Maalim akapitisha makali juu ya ukucha wa gumba, polepole, kutoka shinani hadi nchani, akisikiliza kama kuna mahali panagota. Akasema kinakata. Lakini mbuzi alimchinja kwa kisu chake, kirefu na chembamba, kwa mkono mmoja uliopita na kurudi, na mnyama hakuhangaika. Chetu kilipewa kazi ya kuchuna na kuvunja viungo. Kwenye viungo kilifanya kazi nzuri kuliko nilivyotarajia: kiliingia magotini na mabegani, kikazunguka, na mgongo wake laini nikausindika kwa kiganja bila maumivu. Kwenye kuchuna kilitoboa ngozi mahali pawili, kwa sababu ncha yake imechongoka sana. Mchunaji anataka ncha iliyopinda. Makali yalihitaji kupitishwa kwenye mkanda mara moja katikati ya kazi.

Kwa hiyo nasema hivi, kwa mtu mwenye shilingi 40,000 na anayetaka kisu kimoja kigumu cha gari, cha shamba na cha uani: kisu cha aina ya pili kinafaa pesa hiyo, mradi ukinoe mwenyewe kabla ya kukitumia na ukifute baada ya chumvi, ndimu na damu. Jikoni hakichukui nafasi ya kisu chembamba. Kwa kuchinja, mwachie mwenye kisu cha kuchinjia. Urahisi wa bei si kasoro. Kule Mora, Sweden, kuna kiwanda kilichoanza mwaka 1891 na mpaka leo visu vyake vyenye mpini wa plastiki na bapa la kama sentimita 10 ni vya bei ya chini na vinategemewa na mafundi na wapiga kambi, kwa sababu pesa yote imekwenda kwenye chuma na kazi ya moto.

Cha aina ya kwanza usikinunue kwa bei yoyote, wala usimpe kijana zawadi. Ukiwa dukani, kabla ya kutoa pesa, kishike bapa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, ukisokote. Omba uoneshwe chuma kinaishia wapi ndani ya mpini. Mwuzaji akikataa, mrudishie kisu chake, na unapokata dafu nyumbani, na kwa kisu chochote kile, waondoe watoto mbele yako kwanza.